Saa Nyingi Chini ya Taa za Jiji: Mhadhara kwa Wanaoanza Kupiga Picha za Anga la Mbali



Vijana wa Dar es Salaam wanaoanza kupiga picha za nyota hunijia na swali moja kuliko mengine yote: "Mwalimu, ninunue nini?" Wameona picha za nebula zenye wekundu na buluu, wakatamani kupata za kwao. Wakapanda darini na kamera, wakaacha shata wazi kwa sekunde 30, na walichopata ni ukungu wa rangi ya chungwa wenye vidoadoa vichache. Wengi huhitimisha kwamba mjini hapapigiki picha za nyota, na kwamba kamera yao haifai.

Nimekuja kuyapinga mahitimisho hayo yote mawili. Anga la mji linapigika. Na kinachoiboresha picha ya anayeanza, kabla hajatoa hata shilingi moja, ni muda: jumla ya saa ambazo kamera imekusanya mwanga wa kitu kimoja, zikifuatiwa na utaratibu mzuri wa kuzisafisha na kuziunganisha picha hizo. Vifaa vina nafasi yake, nami nitaitaja, lakini nafasi hiyo iko nyuma ya muda. Nawaomba mnifuate katika hesabu kidogo, maana hoja yangu yote imesimama juu ya hesabu.

Vitu vikubwa, mwanga hafifu

Tuanze na vitu vyenyewe. Tukisema anga la mbali tunakusudia vilivyo nje ya familia ya Jua letu: nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi, makundi ya nyota, na galaksi. Nebula ya Jabari, katika kundinyota la jina hilo, iko umbali wa miaka ya nuru kama 1,300. Kundi la Omega katika kundinyota la Kantarusi, lenye nyota zinazokadiriwa kufikia milioni 10, liko miaka ya nuru kama 17,000. Galaksi ya Mara, inayojulikana pia kwa jina la Andromeda, iko miaka ya nuru milioni 2.5.

Watu wengi hudhani hatuvioni kwa sababu ni vidogo. Sivyo. Nebula ya Jabari ina upana wa digrii 1 hivi, sawa na miezi mipevu miwili iliyopangwa kando kwa kando. Galaksi ya Mara ina urefu wa zaidi ya digrii 3, yaani miezi 6. Kikwazo ni uhafifu wa mwanga wake. Ndiyo maana anayeanza hana haja ya darubini ndefu ya kukuza. Lenzi ya kawaida ya milimita 50, au ya milimita 135 ambayo wengi huitumia kupiga picha za watu harusini, inatosha kabisa kuviweka vitu hivi ndani ya fremu.

Jicho la binadamu haliwezi kuweka akiba ya mwanga. Hupokea, hutuma habari kwenye ubongo, kisha huanza upya. Kamera huweka akiba. Usiku wa tarehe 30 Septemba 1880, daktari Mmarekani Henry Draper alipiga picha ya kwanza ya Nebula ya Jabari kwa kuacha bamba lake likipokea mwanga kwa dakika 51. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1883, Mwingereza Andrew Ainslie Common aliipiga nebula hiyohiyo akiwa bustanini kwake Ealing, pembeni mwa London, na bamba lake likaonyesha nyota ambazo hakuna jicho lililowahi kuziona hata kwa darubini. Tangu wakati huo kanuni haijabadilika: anayesubiri zaidi huona zaidi.

Jiji linafanya nini kwa picha

Taa za barabarani, mabango, viwanja vya michezo na taa za ulinzi hutupa sehemu ya mwanga wake juu. Mwanga huo hugonga mvuke, vumbi na moshi, ukarudi chini kama utaji unaong'aa. Pwani, ambako hewa imejaa unyevu, utaji huo ni mzito zaidi.

Mwaka 2001 John Bortle, Mmarekani aliyetazama anga kwa miaka mingi, alitunga ngazi ya madaraja 9 ya kupima giza la usiku. Daraja la 1 ni nyika isiyo na taa hata moja. La 9 ni katikati ya jiji kubwa. Wanaopima kwa vyombo hutumia kipimo cha ukubwa wa nyota kwa eneo dogo la anga: anga safi kabisa husoma karibu 22, na anga la jiji karibu 18. Tofauti ya 4 huonekana ndogo, lakini kila hatua moja ya kipimo hicho ni mara 2.5 hivi. Hatua nne ni takriban mara 40. Anga la katikati ya jiji, basi, linang'aa mara 40 kuliko la porini.

Hapa ndipo anayeanza hukata tamaa, na hapa ndipo hesabu inapomtetea. Chukua nukta moja ya picha. Tuseme katika picha moja nukta hiyo inapokea fotoni (chembe za mwanga) 10 kutoka kwenye nebula na fotoni 1,000 kutoka kwenye utaji wa jiji. Zile 1,000, kama zingekuwa 1,000 kamili kila mara, zisingetudhuru. Kompyuta ingezitoa, zikabaki 10 zetu. Tatizo ni kwamba mwanga hufika kwa bahati. Mara 970, mara 1,040. Kuyumba huko ni sawa na kipeuo cha pili cha jumla ya fotoni, na kwa jumla ya 1,010 ni kama 32. Huko ndiko kunakoleta chengachenga tunazoziona kwenye picha. Nebula yetu ya 10 imezama ndani ya chengachenga za 32.

Sasa piga picha 100 na uziunganishe. Nebula imekuwa 1,000. Jumla yote ni 101,000, na kuyumba kwake ni 318 tu. Nebula iliyokuwa chini ya theluthi ya chengachenga sasa imezizidi mara 3. Piga picha 400: nebula 4,000, chengachenga 636, uwiano unazidi 6. Kitu kilichokuwa hakionekani kimejitokeza na umbo lake, na hakuna taa hata moja ya jiji iliyozimwa.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika kazi hii kibaba hujazwa na nafaka pamoja na pumba. Faida yetu ni kwamba nafaka huongezeka upesi kuliko pumba. Idadi ya picha ikiongezeka mara 4, ubora huongezeka mara 2.

Hesabu hiyohiyo inatuambia gharama ya kukaa mjini. Porini, utaji ukiwa umepungua mara 40, nukta yetu ingepokea fotoni 10 za nebula na 25 tu za anga. Ukilinganisha, zinahitajika takriban picha 29 za mjini ili kufikia ubora wa picha moja ya porini. Kwa hiyo mwenye nafasi ya kwenda mbali na mji aende. Usiku mmoja huko una thamani ya karibu mwezi mzima huku. Asiye na nafasi hiyo ana dari la nyumba yake na usiku mwingi wa mwaka, na usiku mwingi una nguvu.

Kuanza na kilichopo

Chukua kamera yoyote inayobadilisha lenzi, hata ya miaka kumi iliyopita, na stendi ya miguu mitatu isiyotikisika. Weka kamera ihifadhi picha ghafi, maana faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384 za mwanga, na ile ya kawaida iliyobanwa ina ngazi 256 tu. Nebula yako imejificha katikati ya ngazi hizo, usizitupe.

Tundu la lenzi lifungue karibu na mwisho, kisha ulirudishe hatua moja ili nyota za pembeni zisichanue mbawa. ISO, yaani usikivu wa kihisi, iwe 800 au 1600. Kulenga fokasi usiiachie kamera: elekea nyota angavu kama Shira au Suheli, ikuze kwenye kioo cha nyuma, zungusha pete polepole mpaka nyota iwe nukta ndogo kuliko zote, kisha bandika pete kwa utepe isisogee. Fokasi mbovu haitengenezwi na programu yoyote.

Dunia inazunguka, na nyota husogea digrii 15 kwa saa. Kamera isiyofuatilia itazifanya mistari. Kanuni ya haraka ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi, kwa kamera yenye kihisi kikubwa. Yenye kihisi kidogo gawa tena kwa 1.5. Lenzi ya milimita 50 kwenye kihisi kidogo inakupa sekunde 6 na kitu. Mkanda wa Jabari upo juu ya ikweta ya anga, mahali nyota zinapokimbia kuliko kwingine kote, kwa hiyo shuka hadi sekunde 4. Picha 600 za sekunde 4 ni dakika 40 za mwanga. Weka kifyatulio cha mbali au cha saa, kamera ifanye kazi yenyewe, nawe kila baada ya muda uirekebishe ili shabaha ibaki katikati.

Msiogope ufupi wa sekunde hizo. Porini, picha fupi sana hudhurika kwa sababu chengachenga za kihisi chenyewe huzidi mwanga mdogo wa anga. Mjini anga lina mwanga mwingi kiasi kwamba chengachenga za kihisi humezwa ndani ya sekunde chache. Tazama histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga kwenye kioo cha kamera: kilima chake kikishajitenga na ukingo wa kushoto, kurefusha picha moja hakukupi faida kubwa, kuongeza idadi kunakupa. Anayepiga sekunde 120 mjini anaichoma picha yake bure.

Jikinge na taa zinazokuangalia moja kwa moja. Kaa nyuma ya tangi la maji au ukuta, ivishe lenzi kinga yake, na tundika shuka nyeusi upande wa taa ya jirani. Baada ya mvua kubwa vumbi huwa limeoshwa, na anga la usiku ule lina thamani ya siku nyingi za kiangazi. Umeme ukikatika mtaani, usikae ndani ukilalamika; chukua kamera.

Shabaha na majira yake

Mwezi ndio unaopanga ratiba. Mwezi mpevu huongeza utaji wake juu ya ule wa taa, na wavuvi wetu wa dagaa wanajua vyema kwamba usiku wa mbalamwezi hauwafai. Fanya kazi kuanzia siku chache kabla ya mwezi mwandamo hadi siku chache baada yake.

Piga kitu kinapokuwa juu. Kikiwa utosini, mwanga wake hupita unene mmoja wa hewa. Kikiwa digrii 30 kutoka upeo wa macho, hupita unene wa mara mbili, na huko chini ndiko utaji wa jiji ulikojaa. Aliye pwani ana faida nyingine: mashariki yake ni Bahari ya Hindi, na juu ya maji hakuna mabango.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna anga tajiri kupita kiasi. Kutoka Dar es Salaam, iliyo digrii 6.8 kusini, karibu anga lote la kaskazini na lote la kusini hupita mbele yetu katika mwaka. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, Jabari hupita karibu na utosi; katikati ya Januari Nebula yake iko juu kabisa mnamo saa 4 usiku na ushee, na katikati ya Februari saa 2 na ushee. Ndiyo shabaha ya kwanza ya kila mwanafunzi, kwa kuwa kiini chake ni angavu hata katikati ya jiji.

Nebula ya Mkuku, iitwayo pia Carina, ni kubwa kuliko ya Jabari, na watazamaji wengi wa Ulaya hawaioni kamwe. Kwetu hupanda hadi digrii 37 upande wa kusini. Masika huificha katika miezi yake bora, hivyo iwahi Februari baada ya usiku wa manane, au mwanzoni mwa Juni mara giza linapoingia. Katikati ya Juni, kipupwe kikiwa kimekausha anga, kundi la Omega katika Kantarusi liko kwenye kimo cha digrii 49 mnamo saa 2 usiku. Makundi ya nyota huvumilia mji kuliko vitu vingine, kwa kuwa mwanga wa nyota moja hukusanyika katika nukta chache. Julai na Agosti ni zamu ya kundinyota la Mshale na Nebula ya Rasi iliyo ndani yake, iitwayo pia Lagoon, inayofika digrii 72. Galaksi ya Mara huja Novemba na Desemba. Kutoka mjini kiini chake kitatoka vizuri, lakini mikono yake hafifu iache mpaka utakapokwenda shamba.

Kifuatiliaji na tatizo la ikweta

Ukishaimudu stendi ya kawaida, kifaa cha kwanza kinachostahili fedha yako ni kifuatiliaji, mashine ndogo inayoizungusha kamera kwa mwendo wa anga. Kinakuwezesha kutumia lenzi ndefu, na kinaiacha shabaha mahali pake usiku kucha.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vingi vya kigeni hupita bila kuligusa, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu. Mhimili wa kifuatiliaji sharti uelekezwe kwenye ncha ya anga. Maelekezo ya kawaida husema: tafuta nyota ya Kaskazini. Dar es Salaam nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini iko digrii 7 tu juu ya upeo, nyuma ya nyumba na miembe. Nairobi iko digrii 1 na kidogo. Kampala imelala kwenye upeo wenyewe. Na nyota iliyo karibu na ncha hiyo, Sigma ya Oktanti, ni hafifu mno kuonekana kwa macho mjini.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla ya kununua, hakikisha kitako cha kifuatiliaji kinaweza kushuka hadi latitudo ya mahali ulipo, kwani vingi havishuki kiasi hicho bila kuinuliwa kwa kabari. Kisawazishe kwa timazi, weka mwinamo wa latitudo yako, kisha elekeza kusini kwa dira, ukikumbuka kwamba kusini ya sumaku hutofautiana na kusini halisi kwa digrii chache. Halafu hakiki kwa nyota: chagua moja iliyo karibu na utosi, itazame kwa dakika kadhaa kwenye kioo cha kamera. Ikiteleza kuelekea kaskazini au kusini, mhimili haujakaa sawa kushoto na kulia. Urekebishe kidogo na utazame tena. Baadaye tazama nyota nyingine iliyo chini mashariki ili kurekebisha juu na chini. Kazi hii ina uchovu, lakini ukiweka alama za rangi sakafuni pa dari, kesho yake utaanza ulipoishia.

Picha zisizo na nyota

Tofauti kubwa kati ya kazi ya mwanafunzi na ya fundi iko katika picha zinazopigwa bila kuangalia nyota yoyote.

Kwanza ni picha za giza. Funika lenzi kwa kifuniko chake na upige picha 20 au 30 kwa sekunde zilezile, ISO ileile na joto lilelile la usiku huo. Zinarekodi kasoro za kihisi: nukta zinazowaka zenyewe na joto la vifaa. Umeme unaozalishwa na joto hujiongeza karibu maradufu kwa kila nyuzi 6 za kihisi, na sisi tunapiga picha katika nyuzi 25 au 28, wakati mwenzetu wa Ulaya anapiga katika baridi ya sifuri. Kwake picha za giza ni hiari. Kwetu ni lazima.

Pili ni picha za mwanga sawa. Bila kugusa fokasi, funika lenzi kwa kitambaa cheupe kilichonyooshwa, uielekeze kwenye anga la alfajiri au kioo cheupe cha kompyuta, na upige. Zinaonyesha giza la pembe za lenzi na kila punje ya vumbi. Mjini zina umuhimu wa pekee, kwa sababu utaji mkali huzifanya kasoro hizo zionekane kama pete na mawingu, na usipoziondoa, kompyuta itadhani ni sehemu ya anga.

Tatu ni jambo la kufanya wakati wa kupiga nyota zenyewe: kila baada ya picha kadhaa isogeze kamera kiduchu, nukta chache tu, bila mpangilio. Kasoro za kihisi hubaki mahali pake, nyota huhama. Programu ikizipanga nyota upya, kasoro hutawanyika na kufutika.

Chujio: linapofaa na lisipofaa

Wauzaji wa machujio huahidi mengi. Ukweli una mipaka. Nebula kama za Jabari, Mkuku na Rasi hutoa mwanga wake katika mistari michache: hidrojeni kwenye nanomita 656, oksijeni kwenye nanomita 501. Chujio la mikanda miwili, kila mkanda ukiwa na upana wa nanomita 7, huruhusu jumla ya nanomita 14 kati ya 300 za mwanga unaoonekana. Utaji wa jiji hupungua hadi chini ya sehemu 1 kati ya 20, na nebula hupita karibu nzima. Kwa shabaha za namna hiyo, chujio hili ni msaada wa kweli.

Lakini makundi ya nyota na galaksi hung'aa kwa mwanga wa nyota, ambao umeenea katika rangi zote sawasawa na taa nyeupe za LED. Chujio likizuia taa, linazuia na nyota. Machujio ya zamani yaliyotengenezwa kuzuia mstari wa sodiamu wa nanomita 589 nayo yanapoteza kazi, kwa kuwa taa za sodiamu za rangi ya chungwa zinaondoka na LED nyeupe zinachukua nafasi yake. Tena kamera nyingi za kawaida zina kioo cha ndani kinachokata sehemu kubwa ya wekundu wa hidrojeni. Yajue hayo kabla ya kulipa.

Mezani, mchana

Programu zinazohitajika zinapatikana bure. Stellarium itakuonyesha kitu kipo wapi na saa ngapi. DeepSkyStacker au Siril zitapanga picha, zitaondoa kasoro kwa picha zako za giza na za mwanga sawa, na kuziunganisha. Siril pia huondoa mteremko wa mwanga, ule upande mmoja wa picha unaong'aa kwa sababu uko juu ya katikati ya mji. GIMP itamalizia rangi.

Shika mambo mawili. Ondoa mteremko kabla ya kuivuta picha iwe angavu, maana ukivuta kwanza unaukuza utaji pamoja na nebula. Na usilifanye anga kuwa jeusi tii; mandhari iwe ya kijivu cha giza, kwa kuwa ndani ya kijivu hicho ndimo yalimo mawingu hafifu uliyoyakesha kuyakusanya. Programu zinazobuni nyuzi za gesi ambazo kamera haikuziona ziepuke. Thamani ya picha hii ni ukweli wake: kila nukta ni mwanga uliosafiri maelfu ya miaka ukafika darini kwako.

Wajibu wetu

Ndugu zangu, nimesema mengi ya kushindana na taa; sasa niseme juu ya taa zenyewe. Ramani ya dunia ya mng'ao wa usiku iliyochapishwa mwaka 2016 na Fabio Falchi na wenzake ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya watu duniani wanaishi chini ya anga lililochafuliwa kwa mwanga, na zaidi ya theluthi moja hawaioni tena Njia Nyeupe mahali wanapoishi. Mwaka 2023 Christopher Kyba na wenzake walikusanya taarifa za watazamaji wa kawaida, wengi wao wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, kutoka 2011 hadi 2022, wakakuta mng'ao unaongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa mwaka. Kwa mwendo huo unajiongeza maradufu kabla ya miaka 8 kuisha.

Inawezekana kwenda njia nyingine. Mji wa Flagstaff huko Arizona ulitunga sheria ndogo ya kudhibiti mwanga wa nje mwaka 1958. Hapa Afrika, Hifadhi ya NamibRand ya Namibia ilitambuliwa kimataifa mwaka 2012 kwa kulinda giza lake. Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kulinda maeneo ya unajimu wa kisayansi mwaka 2007. Miji yetu inafunga taa mpya kila mwaka. Huu ndio wakati wa kuzifunga vizuri, kwa kuwa taa iliyofungwa vibaya itakaa miaka ishirini. Taa yenye kofia, inayotazama chini, yenye rangi ya joto, inayozimwa isipohitajika, humwangazia mpita njia vizuri zaidi na hula umeme kidogo.

Ninawaomba basi mambo matatu. Wanafunzi: chagueni kitu kimoja msimu huu, mkipe saa 10 za mwanga, badala ya vitu 10 vya saa moja moja. Msinunue chochote mpaka saa hizo 10 zitimie. Walimu: picha moja ya Nebula ya Jabari iliyopigwa na mwanafunzi juu ya dari la shule itafundisha fizikia, hisabati na subira kwa pamoja, wapeni ufunguo wa dari na mtu mzima wa kuwasimamia. Na kila mwenye nyumba: leo mkifika nyumbani, itazameni taa ya getini. Ikiwa inamulika juu, igeuzeni itazame chini.